Kikombe Chini ya Mafiga

Kindu, Kasuku
tarehe 3 Februari 2025

Shangazi Adèle,

Jambo sana. Usiangalie uchafu wa bahasha. Soudi amesema ataibeba kifuani, chini ya koti lake la mvua, lakini wewe mwenyewe unajua pikipiki yake inavyokula matope hadi kufika Obokote. Kungekuwa na rezo ya simu huko kwenu ningekupigia, ungenigombeza palepale tukamaliza. Sasa itabidi unigombeze kwa kalamu.

Nakuandikia kwa sababu ya mchezo. Usicheke kwanza, soma! Mtu anaficha kisanduku msituni, ndani yake kuna vitu vidogo vidogo: ushanga, kalamu, kitambaa. Simu inapokea ishara za setilaiti na kukuonyesha mahali kwa namba, hata chini ya miti mikubwa ambako huwezi kumpigia mtu. Lakini wachezaji hawapewi namba bure. Wanajibu maswali, na kila jibu linawapa namba moja, mpaka zitimie. Aliyekipata kisanduku anachukua kitu kimoja na kuacha kingine cha kwake. Kuchukua bila kuacha ni marufuku. Nilijifunza nikiwa masomoni Kisangani, na sasa vijana wa mtaa wetu wanataka tufiche cha kwanza kabisa, katika msitu ulio nyuma ya Alunguli, ng'ambo ya mto.

Nataka maswali yawe ya historia yetu, ya ile vita, watu walipohamia msituni. Sisi tuliozaliwa baadaye hatujui kitu, tunasikia tu wakubwa wakisema "wakati tulikuwa porini", halafu wananyamaza. Nilimuuliza Baba. Akasema, "Muulize dada yangu Adèle, yeye njo alikaa kule." Kisha akaanza kunieleza bei ya mafuta ya mawese.

Basi nakuuliza. Mliishije? Mlijificha wapi? Niambie chochote.

Mtoto wako,
Sandrine


Obokote
tarehe 16 Februari 2025

Wee Sandrine!

Aksanti kwa barua na sabuni. Barua imefika na tope, sabuni imefika na harufu ya petroli. Soudi nimemlisha lituma na sombe, kwa hiyo usimpe kitu, atakudanganya kwamba hajakula.

Sasa nikuulize. Baba yako amekusomesha Kisangani miaka yote ile, umerudi kuficha kisanduku porini ili watu wakitafute? Sisi tulijificha wenyewe, mama, na waliotutafuta hawakuacha ushanga. Eti mchezo! Nimecheka hadi jirani amekuja kuuliza kama niko na mugeni.

Haya, andika. Kitu cha kwanza tulichochinja tulipoingia porini ni majogoo, maana jogoo hajui kunyamaza. Tulipika alfajiri tu, wakati ukungu iko chini, moshi upotelee ndani yake. Chumvi haikuwepo. Tulichoma majani ya mtoni, tukachuja majivu, tukachemsha yale maji mpaka yakauke, na ilikuwa chungu hivyo kwamba watoto walikunja sura. Tukitembea, muntu wa mwisho anafagia nyayo na tawi. Njia ya kwenda kwenye maji tulifunga majani fundo moja, njia ya hatari mafundo mawili. Kambi yetu ya kwanza ilikuwa kwenye shamba la zamani la kahawa, pale ambapo nguzo za nyumba ya kukaushia bado zimesimama. Hesabu zile nguzo, utapata swali.

Lakini sikia vizuri. Ukifika kile kijito cha mawe meupe, rudi. Usivuke. Ng'ambo ile hakuna kitu.

Shangazi yako,
Adèle


Kindu
tarehe 14 Julai 2002

Mke wangu mpenzi, Mama Malaika,

Barua hii anakuletea Blaise, yule mvuvi wa Lokandu. Ataivusha na mtumbwi chini ya samaki, kwa hiyo ikinuka usinilaumu mimi. Askari wamefunga mji. Hakuna wa kutoka, hakuna wa kuingia, na karakana ya reli imesimama kwa sababu hakuna train. Mimi ni fundi wa vyuma nisiye na chuma cha kufanyia kazi. Ninashinda nikitengeneza sufuria za majirani, wananilipa majani ya viazi. Niko mzima.

Nilipokuvusheni ng'ambo nilidhani ni kwa juma moja. Kila nikifika ukingoni naangalia miti ya upande wenu, najiuliza ni ipi mko chini yake.

Malaika anaendeleaje? Homa uliyoniandikia imepungua? Je, bado anakataa kunywa maji kama siyo kwenye kikombe chake cha bluu? Mwambie ile M niliyokwaruza kwenye mkono wa kikombe ni jina lake, kwa hiyo asimwazime mtu. Nimepata kitambaa cha kijani, kizuri sana, kwa mjane mmoja niliyemtengenezea bawaba za mlango. Fundi cherehani anamshonea gauni. Nimemwambia aweke mifuko miwili ya manjano, maana yule mtoto anapenda kuokota okota.

Safari hii usisahau kumpakaza masizi kwenye kidole apige chapa chini ya barua, kama ile ya kwanza. Ile niko nayo mfukoni.

Mume wako,
Ferdinand


Porini
tarehe 29 Julai 2002

Baba Malaika,

Nimepokea. Ilinuka samaki, lakini niliilalia.

Sisi tuko. Mvua ilitupiga siku nyingi, sasa imetulia. Juzi tulihama tena, tukavuka kijito, tumejenga mafiga mapya. Wapiganaji walipita kambi ya zamani wakachimba kila mahali walipoona udongo mpya, wakidhani tumefukia mali.

Malaika homa yake imeisha. Sasa analala vizuri, hasumbui mutu. Kikombe chake anacho, hakuna aliyemnyang'anya.

Gauni usilitume. Njiani watalichukua na Blaise atapigwa bure. Liweke huko.

Kula, Baba Malaika. Usiwape watu sufuria bila kula.

Mke wako,
Adèle


Kindu
tarehe 18 Agosti 2002

Mama Malaika,

Mungu ashukuriwe kwa ile homa! Niliisoma barua mbele ya majirani, tukapiga makofi.

Hukuniwekea chapa ya kidole. Najua, alikuwa amelala, umesema analala vizuri sasa. Acha alale.

Gauni limeisha. Fundi amelikosea kidogo, ni kubwa, lakini mtoto anakua, hadi tutakapoonana litamtosha. Nimelikunja ndani ya mfuko wa nailoni na kulitundika juu, panya wasilifikie. Nitamvalisha mimi mwenyewe.

Ferdinand


Kindu, Kasuku
tarehe 9 Machi 2025

Shangazi yangu,

Tumefanikiwa! Mchezo umeanza, na Kindu nzima inauongea. Nilihesabu nguzo kwenye shamba la kahawa, nikatunga maswali yote kutokana na barua yako: chumvi, jogoo, mafundo ya majani. Vijana wanakwenda kuuliza babu na bibi zao ili wapate majibu, na wale wazee wanaongea! Mama mmoja wa Basoko aliwasimulia tangu saa nne hadi jua kuzama. Nilitaka uone.

Sasa usinikasirikie. Nilivuka kile kijito. Najua ulinikataza, lakini kule nyuma palikuwa wazi mno, kila mwindaji anapita, kisanduku kingeibwa siku ya kwanza. Na nilipovuka nikaona kitu, Shangazi. Nilikuta mafiga! Mawe matatu yamekaa vizuri kabisa chini ya nyasi, kama mtu aliyepika jana akaenda kuchota maji. Niliguswa sana. Nikasema, hapa ndipo watu wetu walipopikia katika vita, hapa ndipo mahali pa kisanduku. Nikachimba kidogo katikati ya mawe ili kikae chini. Mkaa ulikuwa bado upo ndani ya udongo. Halafu jembe likagonga bati.

Kilikuwa kikombe kidogo cha bluu, kimefukiwa kichwa chini. Kitako chake kina tundu, nadhani kutu imekila. Kwenye mkono kuna M imekwaruzwa. Nimekisafisha vizuri na kukiweka kisandukuni kiwe zawadi ya atakayefika wa kwanza. Nilikieleza hata kwenye redio, tundu na M na yote, ili watu wawe na hamu.

Niambie umefurahi kidogo.

Sandrine


Obokote
tarehe 20 Machi 2025

Sandrine,

Funika pale. Kabla hujasoma mbele, weka barua chini, vuka mto, rudisha udongo.

Umekwenda? Haya.

Sikugombezi. Haukuambiwa na mutu. Baba yako alinyamaza kwa sababu nilimwomba anyamaze.

Yale mawe siyo mafiga ya kupikia. Ni kaburi. Chini ya yale mawe iko mtoto wangu. Anaitwa Malaika. Alikuwa na miaka mitatu, alipenda kuokota vijiwe, na kile kikombe kilikuwa chake. Homa ilimchukua siku ya mvua, hatukuwa na hata kidonge kimoja.

Wakati ule wapiganaji walichimba popote walipoona udongo mpya. Walidhani tumefukia vyerehani na vitambaa. Hata makaburi walichimba. Kwa hiyo sisi akina mama tulipata ujanja: ukimzika muntu, unasawazisha udongo, unaweka mafiga matatu juu, unawasha moto. Wakipita wanaona jiko, wanapiga teke majivu, wanakwenda zao. Niliwasha moto juu ya mtoto wangu, Sandrine, na niliupuliza kwa mdomo wangu ili ushike.

Na lile tundu siyo kutu. Kwetu chombo cha marehemu kinatobolewa, asiyejua asije akakinywea. Nilikitoboa na msumari na jiwe, nikakifukia katikati ya mafiga kiwe alama yangu.

Asubuhi yake tukakimbia tena. Nilipotoka porini mwaka uliofuata, mume wangu alivuka kuja kutuchukua. Anaitwa Ferdinand, hukumjua. Alikuwa na mfuko mkononi, anatabasamu, anatafuta nyuma yangu kwa macho. Katika barua sikumwambia. Nilishindwa kuandika lile neno wakati yuko peke yake mule mjini na njaa. Nilimwambia pale ukingoni, mbele ya watu wa mitumbwi. Akakaa chini. Alipoinuka akasema kitu kimoja tu: "Nionyeshe."

Tukaingia porini. Mafiga yalikuwa kila mahali! Kila familia iliacha yake, kila mama aliyefiwa aliacha yake, na yote yanafanana. Nilichimba hapa, nikachimba pale, nilichimba na kucha. Njia zimefungwa na majani, kambi zimemezwa. Tulilala huko, tukatafuta tena. Mwishoni akaniambia: "Mama gani anasahau mahali alipomlaza mtoto wake?" Akarudi Kindu. Mimi nikapanda njia ya Obokote kwa ndugu wa mama yangu, na hapa hakuna anayeniita Mama Malaika.

Kila kiangazi nilirudi kutafuta, mpaka magoti yakakataa. Na wewe, mutoto wa mjini, na jembe lako na simu yako, umemkuta.

Nilie au nicheke? Nimefanya vyote.

Nakuomba mambo mawili. Mchezo uuhamishe pale. Na kikombe ukirudishe chini ya mafiga kabla mutu hajakichukua. Njo alama yake. Bila ile, pale ni jiko tu.

Adèle


Kindu, Kasuku
tarehe 29 Machi 2025

Shangazi, Mama Malaika (nimeruhusiwa kukuita hivyo?),

Nisamehe. Niliisoma barua yako mbele ya Soudi. Alinipeleka Alunguli hapo hapo bila kuuliza nauli, na kwa jinsi unavyomjua unaelewa nililia kiasi gani.

Udongo nimeurudisha kwa mikono. Nimepanga majani juu yake, nimeomba, nimemwambia Malaika mimi ni dada yake na sikujua. Mchezo nimeuondoa, na kwenye redio nimesema mahali pale ni kaburi, asiende mtu. Vijana wamelipokea vizuri. Wawili wameniuliza kama mafiga mengine yaliyoko kule nayo ni makaburi. Nimewaambia sijui, tuwaulize akina mama.

Lakini kikombe hakipo. Nilichelewa, Shangazi. Mtu alifika kabla yangu. Kisanduku kilikuwa kimefungwa vizuri, kimewekwa kando ya mawe, siyo katikati, kama aliyekitoa hakutaka kikae juu ya kaburi. Ushanga upo, kalamu zipo. Amechukua kikombe peke yake.

Na ameacha kitu, kama sheria ya mchezo inavyotaka. Sielewi. Ni mfuko wa nailoni wa zamani, umekuwa wa manjano kwa kukaa. Ndani yake kuna gauni la mtoto mdogo, la kijani, lina mifuko miwili ya manjano. Halijavaliwa hata siku moja, mikunjo yake imekuwa migumu kama karatasi. Sikulifunua lote, niliogopa litachanika.

Niliuliza kwa wavushaji. Wanasema mzee mmoja mwenye fimbo alivuka na mwalimu fulani, akakataa kushikwa mkono kwenye ubao wa mtumbwi. Alirudi jioni ameshika kitu kidogo ndani ya leso. Nitamtafuta mtaa kwa mtaa, nitamwomba akirudishe. Unamjua ni nani?

Zile namba za mahali nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Hazitapotea tena. Nimeziandika na ukutani, na Baba amezinakili kwenye Biblia yake.

Mtoto wako,
Sandrine


Obokote
tarehe 10 Aprili 2025

Baba Malaika,

Usishangae kuona mwandiko wangu. Soudi atakuuliza pale penye karakana za zamani za reli, naamini hukuhama, weye hukuwahi kuhama popote.

Nasikia umefika kabla yangu.

Nasikia pia umelitoa lile gauni mule lilimotundikwa. Uliniandikia kwamba panya hawatalifikia, na kweli hawakulifikia. Sikujua kwamba umelitunza. Nilidhani ulilitupa mtoni siku ile nilipokuambia.

Sikuandikii kugombana, nimezeeka, na najua na weye umezeeka. Nataka uelewe kitu kimoja: sikusahau. Nilificha vizuri mno hadi nikamficha mbele yangu mwenyewe.

Kikombe kiko kwako. Sikukatazi kukishika, ulikinunua weye, uliandika M weye. Lakini nakuomba ukirudishe chini ya mafiga. Ninakuja Kindu mvua ikipungua. Nataka nimkute mtoto na alama yake.

Na nakujua. Usikizibe.

Adèle


Kindu
tarehe 19 Aprili 2025

Mama Malaika,

Nilisikia redio nikiwa nanyoa ndevu. Yule binti alisema kikombe cha bluu, akasema M, nikajikata. Simu yangu ni ya vibonye tu. Nilimwomba mwalimu jirani yangu atuwekee zile namba kwenye yake, na maswali nikayajibu mwenyewe, maana majibu yote yalikuwa kwenye barua zako za porini. Bado ninazo. Mwalimu alibaki kijitoni, mimi nikavuka.

Nilipoona mawe matatu nilikasirika. Nikasema, wamenileta kwenye jiko! Nilikaa juu ya gogo nikiyaangalia kwa muda mrefu, na mimi ninajua nilichokuja kutafuta, na bado sikuona kitu ila jiko. Ndipo nikaelewa kwa nini hukuliona kaburi. Kama siyo kikombe ningerudi nyumbani.

Umenijua. Kilipofika hapa mezani nikawasha moto, nikayeyusha bati la kuzibia. Mikono yangu ikiona tundu haitulii. Nikakiinua dirishani ili nione ukubwa wake. Tundu ni dogo, liko katikati kabisa. Lakini pembeni yake kuna makovu mengi, Adèle. Msumari uliteleza, ukapigwa tena, ukateleza tena. Kazi ya chuma nimeifanya maisha yangu yote, naujua mkono unaopiga vile. Ulikuwa unatetemeka, na ulikuwa peke yako, na mimi nilikuwa huku nasoma barua yako mbele ya majirani, tunapiga makofi.

Nimezima moto. Sikukiziba.

Lile neno nililokuambia porini, nililisema kwa sababu nilitaka kuwe na wa kulaumiwa, na hakukuwa na mwingine pale isipokuwa wewe. Nisamehe, Mama Malaika.

Kikombe sijakirudisha. Nakingojea mikono yako, tukifukie pamoja. Sandrine amenitafuta akanipata, ni mkaidi kama wewe, amekula chakula changu chote. Siku Soudi atakapokuleta nitakuwa nimevuka, nitakuwa nimeketi Alunguli pale ukingoni, palepale uliponiambia.

Njoo pole pole kwa ajili ya magoti. Namba ninazo.

Baba Malaika